Sauti Inapopotea

Nilichapwa bakora kwa kuifungua redio ya mjomba. Nilitaka kumwona anayesema! Nikakuta kijiti cheusi cha feriti kilichozungushiwa waya mwembamba. Baadaye, nikiigeuzageuza, nikagundua siri yake: ncha ya kijiti ikiuelekea mlingoti wa stesheni ya masafa ya kati, sauti inazama. Ubavu ukiuelekea, sauti inajaa.

Mwaka 1994, msimu wa kusi, tulikuwa kwenye ngalawa mashariki ya Dar es Salaam pale mvua ilipoificha pwani yote. Dira hatuna. Mjomba kanyamaza, na mjomba si mtu wa kunyamaza.

"Mjomba, naomba redio."

"We mtoto, huu ni wakati wa muziki?"

Nikafungulia Redio Tanzania, nikaizungusha polepole. Msomaji, usitafute inaposikika vizuri, hapo ni papana mno. Tafuta inapofifia, ni pembamba kama uzi. Ikafifia. Basi mstari nimeupata, lakini kijiti kina ncha mbili: moja Dar, nyingine Bahari ya Hindi, na redio haikwambii ipi ni ipi! Upepo ndio ulioamua. Ukiwa na kusi shavu la kushoto, mbele yako ni magharibi, ni nyumbani. Ingekuwa usiku nisingethubutu, maana mawimbi mengine hushukia kutoka angani na mstari huyumba.

Tukaiona minazi jioni. Kwa zile bakora mjomba hakuniomba radhi. Ila kesho yake alininunulia bisibisi.