Kuchagua Mbegu, Kuchagua Mtoto

Sisi wakazi wa Soweto, hapa mjini Mbeya, tunajua sana kuchagua. Ukipita sokoni kwetu utawakuta akina mama wamepanga maharage kwa aina zake, Njano Uyole huku, Uyole 96 kule, kila aina na bei yake na sifa zake. Majina hayo hayakudondoka kutoka mbinguni. Yametoka katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, kilomita chache kutoka hapa kwa barabara ya Dar es Salaam, ambako wataalamu wamekaa miaka mingi wakichanganya mmea huu na ule ili wapate unaozaa zaidi na kustahimili magonjwa. Mkulima wa mahindi chotara anaujua pia upande wa pili wa jambo hili: akipanda tena punje za mavuno yake, msimu unaofuata shamba haliwi lile lile. Hana budi kurudi dukani.

Siwalaumu wataalamu hao hata kidogo. Ila tangu mtoto wa marehemu mdogo wangu alipokuja kwangu na karatasi mbili za maabara, nimekuwa nikijiuliza kama yanayofaa kwa maharage yanafaa pia kwa binadamu.

Kijana huyo alikuwa amekwisha kuposa binti wa watu kutoka Kyela. Walishauriwa wapime damu kabla ya ndoa, nao wakapima. Wote wawili ni wazima kabisa. Lakini kila mmoja amebeba jeni moja ya selimundu, maradhi ambayo mitaani tunayaita sikoseli. Maana yake ni kwamba kila mimba watakayoipata ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

"Baba mkubwa," aliniuliza, "nioe au niache?"

Shangazi yake alikuwa na jibu tayari: aache. Na tusimcheke shangazi. Wazee wetu nao, kabla hawajapeleka posa, walituma mtu auchunguze ukoo: kuna kifafa? kuna ukoma? kuna wendawazimu? Kuchagua mbegu ya binadamu hakukuanzia maabara.

Kabla ya kumjibu nilitaka nielewe jeni hiyo ilifuata nini kwetu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya uchunguzi alioufanya katika Afrika Mashariki. Aligundua kwamba penye malaria nyingi ndipo penye watu wengi wenye jeni hiyo, na kwamba mtoto aliyerithi moja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Huku kwetu kwenye baridi haina kazi kubwa. Kule Kyela, bondeni kando ya Ziwa Nyasa, ndiyo iliyowalinda babu wa yule binti mpaka naye akazaliwa. Lakini ukiwakusanya walinzi wawili wa namna hiyo katika mwili mmoja, wanamtesa mwenye nyumba. Sasa tuseme wazee wa zamani wangekuwa na uwezo wa kuifuta jeni hiyo. Wangeifuta, bila shaka, kwa huruma tu, na mbu wangewamalizia wajukuu wao.

Siku hizi uwezo huo umeanza kuwepo. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba ya selimundu iitwayo Casgevy. Mgonjwa hutolewa chembe zinazotengeneza damu, zikahaririwa vinasaba vyake maabara ili mwili uanze tena kutoa ile aina ya damu aliyokuwa nayo tumboni mwa mama yake, kisha akarudishiwa. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tanzania huzaliwa watoto wenye selimundu wapatao 11,000 kila mwaka. Zidisha mwenyewe.

Na tiba hiyo sina ugomvi nayo, ukiacha bei. Inambadili mgonjwa mmoja, tena kwa ridhaa, wala haipiti kwa watoto wake. Ninachokiogopa ni kile alichokitangaza mwanasayansi wa China, He Jiankui, mwaka 2018: mapacha aliohariri vinasaba vyao wakiwa bado viinitete, akikusudia wasiweze kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Mwaka 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Watoto wale hawakuwa wagonjwa. Hapo kutibu kuliachwa nyuma, kukaanza kuboresha.

Kumlaani mtu huyo ni rahisi ukiwa mbali. Njombe, Iringa na Mbeya zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi nchini, na Makete kuna nyumba walizobaki bibi na wajukuu peke yao. Mwambie bibi wa namna hiyo kwamba kuna kinga ya kuzaliwa nayo, halafu umweleze habari za maadili! Nimelifikiria hili sana, na bado nakataa. Mama anayetumia dawa ipasavyo anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi, pasipo kugusa vinasaba vya mtu. Na mbegu ikikataa, mkulima amepoteza msimu mmoja. Mtoto harudishwi dukani, na kosa lililowekwa ndani yake atawarithisha wanawe ambao hawajaulizwa.

Waandishi wa hadithi walitutangulia katika mambo haya. Aldous Huxley, mwaka 1932, alibuni dunia ambamo watu wanatengenezwa chupani kwa madaraja, wa kutawala na wa kufagia. Katika Kiswahili mimi hurudia Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi wa Kenya iliyotoka mwaka 1995. Dzombo anarushwa angani kwa chombo ili afe, anafika kwenye sayari ya watu bora kuliko sisi. Mahubiri yake ni mengi kuliko ninavyopenda, lakini ubora wa watu wale hautokani na maabara. Unatokana na jinsi wanavyoishi kwa haki. Likate jina la sayari hiyo utasikia: wale ni sisi.

Kijana nilimwambia sitamzuia. Nilimweleza kwamba mtoto hupimwa akizaliwa, kwamba dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu, na sikumficha maumivu yenyewe, kwani nilipokuwa mwalimu niliyaona kwa wanafunzi wangu. Wakafunga ndoa.

Sasa mkwe wetu ana mimba ya miezi mitatu. Shangazi amenijia juzi kuuliza kama kuna kipimo cha kumjua mtoto angali tumboni. Nikamwambia kipo, ingawa si kila hospitali.

"Na wakishajua, ndiyo wafanye nini?"

Nilimwambia akawaulize wenyewe. Hajaenda.