Ufito Usio na Mwenzake



Anayetaja Likasi hutaja madini. Mji huu, ulioitwa Jadotville zamani za ukoloni, uko kiasi cha kilomita 120 kutoka Lubumbashi, na kwa miaka mingi maisha yake yamefuata mwendo wa kiwanda cha shaba cha Shituru. Lakini kabla ya Union Minière kuundwa mwaka 1906, mababu walioitwa «wakula shaba» walikuwa tayari wakichimba mawe ya kijani ya Katanga, wakiyayeyusha katika tanuru za udongo wa kichuguu na kuimimina shaba katika umbo la msalaba. Mawe hayo yalibebwa kwa vitunga. Msusi wa vitunga, basi, si mgeni katika nchi ya shaba.

Nilimwona mmoja kando ya barabara kuu ya Likasi, nilipokuwa nikimsindikiza mdogo wangu kwenda Kolwezi. Gari letu lilikuwa likingoja abiria, nasi tukaketi kivulini karibu na mzee aliyezungukwa na vipande vya mwanzi. Mdogo wangu ana diploma ya Serikali lakini hana kazi. Alikuwa akienda kujaribu bahati yake machimboni. Njiani alikuwa amenieleza jambo ambalo sikupata la kulijibu: «Yaya, nyumbani tuko saba. Mimi ni wa ziada.»

Mikono ya yule mzee haikuwa na haraka. Kisu chake kilikuwa kifupi, na mpini wake umefungwa mpira wa baiskeli. Aliupasua mwanzi kwa kuusukuma juu ya kisu, wala si kwa kuukata. Nyuzi za mwanzi zenyewe zilionyesha njia. Kisha alikwangua kila kipande mpaka kikawa utepe mwembamba, akautia katika beseni la maji ili ulainike. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mnene kama pembe. Kwa ukucha huo alipima unene wa utepe, na ule uliokuwa na kasoro aliutambua kabla ya kuutazama.

Alilaza fito sita, akapitisha nyingine sita juu yake, zikakatana katikati kama msalaba. Akazitandaza ncha zote kama miale ya jua. Zilikuwa 24. Nilidhani sasa ataanza kusuka, lakini alizihesabu kwa kidole, akachukua ufito mmoja tena, akauchomeka peke yake kando ya wengine. Zikawa 25. Ufito ule uliharibu mpangilio mzuri tuliokuwa tukiutazama.

Mdogo wangu akauliza: «Baba, mbona umeongeza huo? Zilikuwa zimeshalingana.»

Mzee hakuinua macho. «Zikilingana, mwanangu, kitunga hakishikani.»

Akatuonyesha. Utepe mmoja hupita mbele ya ufito wa kwanza, nyuma ya wa pili, mbele ya wa tatu, hivyo hivyo mpaka mzunguko uishe. Fito zikiwa shufwa, mzunguko wa pili hurudi katika njia ileile: aliyepitwa kwa mbele hupitwa kwa mbele daima, na aliye nyuma hubaki nyuma. Hakuna kinachofungamana. Zikiwa witiri, utepe ukirudi hukuta zamu zimebadilika: palipokuwa mbele pamekuwa nyuma, na kila mzunguko unaufunga ule uliotangulia. Ufito usio na mwenzake ndio unaozibadilisha zamu hizo.

Sikumtazama mdogo wangu wakati ule. Nilitazama vidole vya mzee vikishindilia kila mzunguko juu ya mwenzake, kidogo kidogo, mpaka ukuta wa kitunga ukaanza kusimama.

Sitaki kusema kwamba kitunga kiliondoa shida zetu. Kijana huyo alipanda gari akaenda Kolwezi, na kazi ya machimboni ni ngumu na ya hatari kama mnavyojua. Mzee naye hakuwa na mwanafunzi pembeni yake. Beseni la plastiki na mfuko wa nailoni vimechukua wanunuzi wake wengi. Lakini Jumapili moja, katika simu, mdogo wangu aliniuliza ghafla: «Yaya, zilikuwa 25, sivyo?» Nikajua kwamba hakuwa amesahau.

Injili zote nne zinasimulia mikate mitano na samaki wawili, na zote nne zinataja vikapu 12 vya masalio. Watu walikuwa wameshiba. Masalio hayakuhitajika tena. Hata hivyo yalikusanywa, na vikapu vikapatikana kwa ajili yake. Katika vikundi vyetu vya parokia tunapenda hesabu zilizolingana: wanaoimba vizuri pamoja, waliosoma pamoja. Yule asiye na wa kukaa naye tunamwona kama kosa katika hesabu. Pengine bila yeye tunazunguka tu katika njia ileile, wa mbele akiwa mbele, wa nyuma akiwa nyuma, na hatufungamani.

Kwa mazungumzo katika kikundi:

1. Katika kikundi chetu, ni nani huonekana kuwa wa ziada, na tangu lini?
2. Ni zamu zipi kati yetu ambazo hazijabadilika kwa muda mrefu?
3. Mkutano ujao, tutampa kazi gani ambayo bila yeye haitashikana?