Bahari Nayo Ina Majira Yake

Sisi tuliolelewa Newala tuliyajua maji kwa kuyabeba. Juu ya uwanda wa Makonde mvua huzama mchangani, na chemchemi ziko chini mabondeni. Mama zetu walishuka mteremko alfajiri na kupanda tena wakiwa na ndoo kichwani. Kwa hiyo binti yetu wa kwanza alipotuomba twende naye kisiwa cha Mafia, azamie baharini na mtungi wa hewa mgongoni, nilimwuliza kama amekosa kazi ya kufanya.

Hakuwa akitania. Alikuwa amekwisha kuchumbiwa, na harusi ilipangwa mwaka uliofuata, baada ya Pasaka. Mwenzake anafanya kazi Mwanza. "Mama, nikishaolewa, ni lini tena nitasafiri na wewe na baba?" aliniuliza. Sikuwa na jibu. Baba yake alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Tutakwenda. Kazi ni kujua lini."

Dada msomaji, hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mume wangu alitaka Juni, kwa kuwa watoto wako likizo na mvua hakuna. Lakini sisi wa Masasi tunajua kwamba Juni hadi Agosti mikorosho inatoa maua, na usipopuliza salfa kwa wakati, ubwiriunga unayamaliza. Tena binti akatueleza kwamba miezi hiyo ndiyo ya kusi. Upepo wa kusi huanza kama Aprili na kuvuma hadi karibu Septemba. Mawimbi huwa makubwa nje ya kisiwa, na wazamiaji wengi hubaki ndani ya ghuba ya Chole, penye kinga.

Mimi nikataja Oktoba, maana bahari huwa imeanza kutulia. Mume wangu akacheka. Oktoba korosho zinaanguka, na anayeacha korosho chini huwaachia wengine. Isitoshe, fedha yenyewe ya safari ingetoka katika minada ya korosho. Desemba shule zimefungwa, lakini huo ndio wakati wa kupanda, na nauli hupanda kwa sababu ya Krismasi.

Aprili na Mei hatukuzijadili kwa muda mrefu. Ni miezi ya masika, na baadhi ya hoteli za Mafia hufungwa. Mto Rufiji, ambao mdomo wake unatazamana na kisiwa, huleta matope mengi baharini, na mzamiaji haoni mbali. Hatujasahau pia Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, na mafuriko yakaikata barabara ya kutoka kusini kwenda Dar es Salaam.

Tukabaki na mwisho wa Februari. Palizi imepungua, fedha ya korosho imeingia, na kaskazi inaelekea kuisha kabla ya maleleji, yaani kipindi cha pepo kubadilika. Maji huwa ya vuguvugu. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye huonekana upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, huwa bado yupo. Ubaya ni mmoja: shule zimefunguliwa. Mdogo wake aliye kidato cha pili alibaki kwa shangazi yake. Alinuna siku tatu, nami sikumlaumu.

Kabla ya kuweka nauli pembeni, tulitenga kwanza fedha ya salfa na ya petroli ya mashine ya kupulizia. Jambo hilo lilituokoa na ugomvi.

Tulipita Lindi hadi Nyamisati, kisha tukapanda kivuko. Kabla ya siku ya kuzamia, mwalimu wa wazamiaji alituuliza maswali mengi: nani ana mafua, nani ana pumu, nani ana maumivu ya masikio. Mwanamke mjamzito haruhusiwi kuzamia kabisa. Tena alisema kwamba aliyezamia asipande ndege mpaka zipite angalau saa 18, na asiharakishe kupanda nchi ya juu, kwa sababu hewa iliyoingia mwilini huhitaji muda wa kutoka polepole. Tulipomwambia kwamba tunarudi Masasi na kisha tutapanda Newala kusalimia wazee, alitutaka tupumzike siku nzima kwanza.

Mimi sikuzamia. Nilikaa mashuani pembeni mwa mume wangu, nikihesabu mapovu ya mwanangu juu ya maji. Dakika arobaini ni nyingi kwa mama. Mume wangu hakusema neno, alinishika mkono tu, jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele ya watu kwa miaka mingi. Binti alipoibuka alikuwa akicheka, akasema ameona kasa akila majani.

Kesho yake nilivaa miwani na mrija, nikashikilia boya. Papa potwe alipita chini yangu taratibu, ana madoadoa kama kitenge. Hana habari na watu. Chakula chake ni vijidudu vya baharini na samaki wadogo. Sheria ni kutomgusa. Mafia imekuwa hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza nchini, na wageni hulipa kiingilio.

Akina mama wenzangu, mkitaka kwenda, msiulize kwanza bei. Ulizeni upepo, kisha ulizeni shamba na shule. Hamtapata mwezi usio na gharama. Chagueni gharama ambayo nyumba yenu inaweza kuibeba. Na siku ya safari sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Harusi ilifanyika baada ya Pasaka, mvua ikinyesha. Juni mikorosho ilipulizwa kwa wakati. Binti yuko Mwanza sasa, na kila Jumapili hunipigia simu.