Namba Tisa, Karani wa Ghala

Ikombe, kijiji chetu sisi Wakisi, kimebanwa kati ya Milima ya Livingstone na Ziwa Nyasa. Mama zetu hufinyanga vyungu, baba zetu huvua, nasi watoto uwanja wetu ulikuwa kipande cha ufuo. Ukipiga shuti kali, mpira wa matambara unaingia ziwani na wewe ndiye wa kuufuata. Nikazoea kufunga kwa kugusa tu. Makocha walikuja kuuita mtindo huo kipaji. Ulikuwa uvivu wa kuogelea.

Mwaka 1979 tuliizunguka redio, timu yetu ya taifa, Taifa Stars ya Tanzania, ikicheza na Zambia kule Ndola. Bao la Peter Tino lilitupa sare na tiketi ya Fainali za Mataifa ya Afrika za 1980, Lagos. Tangu siku hiyo sikutaka namba nyingine ila tisa, ya mshambuliaji.

Enzi zetu timu nyingi zilikuwa za mashirika ya umma: Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, Bandari ya Mtwara. Ukifunga, unapewa ajira. Shirika lililonichukua liliniandika karani wa ghala: asubuhi nahesabu magunia, saa kumi jioni niko mazoezini.

Watu hudhani mshambuliaji kazi yake ni kukimbia. Muda mwingi nilitembea, nikivizia beki ageuze shingo. Akiutazama mpira tu, natokea mgongoni mwake, krosi inanikuta. Mabeki nao walilipa kwa viwiko na njumu. Goti la kulia halijapona hadi leo.

Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya kwetu na wageni wa ligi, walitwaa ubingwa mbele ya Simba na Yanga. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tukajua kwamba mpira hauna mwenyewe.

Miaka ya 1990 mashirika yakabinafsishwa. Wenye mali wapya waliona timu ni hasara, yetu ikavunjwa. Wenzangu waliokuwa wameacha kazi kufuata posho za mjini walibaki na sifa tupu. Mimi vitabu vya ghala nilikuwa navijua, nikabakizwa hadi nikastaafu.

Pensheni ninayopokea ni ya karani; magoli hayanilipi hata senti. Mwanangu unayecheza ufuoni leo, kabla ya kutia saini uliza kama klabu itakuchangia kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Wakikwepa swali, weka kalamu chini.