Pakiti ya tano ilitutia hasara

Ukiona biashara yako ndogo imeanza kuleta pesa, usikimbilie kuipanua kabla ya kupiga hesabu. Mimi sikupiga, na aliyeumia ni mke wangu.

Tulianza kuuza mandazi nje ya nyumba yetu ya kupanga hapa Nairobi ili kujisaidia na karo. Tulikuwa na jiko moja la makaa na karai moja. Pakiti ya unga ya kilo mbili ilitoa mandazi 50, tukayauza Sh10 kila moja. Hiyo ni Sh500. Ukitoa Sh300 za unga, sukari, mafuta na makaa, tulibaki na Sh200. Pakiti tatu kila asubuhi zilituachia Sh600 bila taabu.

Tamaa ikaniingia. “Mama watoto, tufanye pakiti tano tupate elfu moja,” nikamwambia. Alininyamazia. Kesho yake aliamka saa nane usiku badala ya saa kumi.

Kumbe jiko halikuongezeka, karai halikuongezeka, wala asubuhi haikurefuka! Mandazi ya mwisho yalitoka wakati wateja wameshapanda matatu kwenda kazini. Ya pakiti ya nne yalinunuliwa 35 tu, tukabaki na Sh50. Ya pakiti ya tano pia 35, na hapo ilitubidi kumlipa mama mmoja jirani Sh150 atusaidie kukanda. Pakiti hiyo ilitula Sh100.

Mimi nilitazama kopo la pesa tu. Mauzo yalipanda kutoka Sh1,500 hadi Sh2,200, nikajipongeza. Sikuona kwamba faida ilikuwa imeshuka hadi Sh550.

Alfajiri moja usingizi ulimzidi mama watoto mbele ya karai. Mafuta moto yakamwunguza mkono.

Dada yangu mdogo, anayesomea uchumi chuoni, alipokuja kumjulia hali wifi yake alichukua daftari letu akapiga hesabu pakiti baada ya pakiti.

“Kaka, usiulize jumla,” akasema. “Uliza hii ya mwisho imeleta nini na imekula nini.”

Akanieleza kwamba Mwingereza David Ricardo aliandika juu ya jambo hili mnamo 1815, akizungumzia mashamba ya nafaka. Ukizidi kuongeza vibarua katika shamba lile lile, hufika mahali kila anayeongezwa huleta mavuno machache kuliko aliyemtangulia.

Mkono umepona, lakini kovu lipo, na kila nikiliona huinamisha macho. Tumerudia pakiti zetu tatu. Siku tukipata jiko na karai la pili, tutapiga hesabu upya.

Nawe msomaji, uwe unafuga kuku au unashona nguo, chukua daftari jioni ya leo. Usisahau kuandika na usingizi wa mwenzako, kwani huo pia ni gharama.