Kati yangu na fundi wa jiko, mkandarasi ni nani?

Nimekuwa kimya siku nyingi. Nilikuwa naandika programu, na usiku nasoma Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Usicheke.

Kampuni moja mjini Embu ilinipa kandarasi ya miezi sita kama "mshauri wa kujitegemea". Kila mwezi natuma invoisi, wanakata asilimia 5 ya kodi (ile ya KRA, si zile kodi ninazoandika), zinazobaki ni zangu. NSSF hakuna. Niliona huo ndio uhuru, nikasaini tena na tena.

Lakini saa mbili asubuhi lazima niwe mezani. Laptopu ni yao, na leo niandike nini wanaamua wao. Typhoid ikanilaza siku saba nyumbani Nkubu, wakakata malipo ya siku saba. Nilipouliza, meneja akajibu, "Bwana, wewe si mwajiriwa, wewe ni mkandarasi." Sawa. Mwezi uliofuata sacco moja ya Meru ikaniomba mfumo mdogo wa mikopo, kazi ya wikendi tu. Meneja yuleyule akanikataza: "Huwezi kufanyia wengine kazi ukiwa wetu."

Sasa mimi ni wa nani?

Siku zile fundi alikuwa akimjengea mama jiko. Huyo ndiye mkandarasi! Alikuja na mwiko wake na timazi yake, wakapatana bei ya kazi yote. Siku ya soko haonekani, siku nyingine anamtuma mpwa wake, na ukuta ulipopinda aliubomoa akaujenga upya kwa hasara yake. Mimi nikimtuma mpwa wangu Embu, askari wa getini hatamfungulia.

Kifungu cha 2 kinasema mkataba wa ajira unaweza kuwa wa maandishi au wa mdomo, hata ule usiotamkwa bali unaeleweka tu. Ndiyo maana majaji hutazama nani anaamuru kazi, vifaa ni vya nani, hasara inamwangukia nani. Kule Uingereza, mwaka 2021, Mahakama ya Juu iliwakatalia Uber waliposema madereva wao wanajifanyia biashara zao. Na kifungu cha 30 kinampa mwajiriwa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku saba za ugonjwa kwa malipo kamili. Siku saba! Zilezile zangu.

Kandarasi ilipoisha sikusaini tena, nikaenda kwa ile sacco. Kazi imekuwa nyingi, nimepata kijana wa kunisaidia. Jana usiku nikafungua faili ya kandarasi yangu ya Embu, nikaweka jina lake palipokuwa na langu, na langu palipokuwa na la kampuni. Haikuchukua hata dakika. Saa za kazi nimempangia mimi, laptopu ni yangu ya zamani. Nilipofika kwenye "mshauri wa kujitegemea" mkono ukakwama.

Nimepiga hesabu ya NSSF na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 upande wa mwajiri. Inauma kidogo, haiui. Kesho tunakutana Makutano nimwulize: anataka bei ya kazi nzima aifanye anavyojua, au anataka mshahara. Faili ile nimeifuta.