Ndege za Gerejini: Kutoka Ramani Hadi Seti

Nilipohamia Minnesota mwishoni mwa miaka ya 1970 niliwakuta watu wanaounda ndege majumbani mwao. Zilikuwa ndege kamili, za kubeba rubani na abiria wake, zenye injini na namba za usajili. Waliziunda gerejini na ghalani, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko. Nikaanza kumsaidia jirani mmoja, seremala mstaafu, na tangu hapo sijaacha kuifuatilia kazi hii. Nataka kueleza jinsi ilivyobadilika nikiiona.

Ndege ya mzee yule ilikuwa Air Camper, nayo asili yake ni hapohapo Minnesota. Bernard Pietenpol, fundi wa kijiji cha Cherry Grove, aliirusha mwaka 1929 kwa injini ya gari aina ya Ford Model A. Wakati ule mhariri wa jarida moja la mafundi alikuwa ameandika kwamba injini ya gari haifai kuendesha ndege. Mwaka 1930 Pietenpol na wenzake wakaruka na ndege mbili hadi Minneapolis, mhariri akazione kwa macho yake. Mhariri alikubali, na mwaka 1932 ramani za ndege hiyo zikachapishwa ili kila anayetaka aunde yake. Ni ndege ya mbao na kitambaa. Bawa lake moja limekaa juu ya vichwa vya watu, viti viwili vimefuatana, na injini ina nguvu za farasi zipatazo 40.

Aliyenunua ramani hakupata kitu kingine zaidi ya karatasi. Mbao alizitafuta mwenyewe, na kuzitafuta ilikuwa elimu ya kutosha. Boriti za bawa zilitakiwa ziwe za sprusi isiyo na vifundo. Nyuzi za mti zilipaswa kwenda sambamba na ubao, na zikipinda, zisitoke nje ya mstari kwa zaidi ya kipimo 1 katika kila vipimo 15. Mzee alizikataa mbao ambazo mimi niliziona safi kabisa. Akishapata alizozitaka, alichora umbo la ubavu wa bawa juu ya plaiwudi, akapigilia vibao vidogo kulifuata umbo hilo, kisha akapinda vijiti ndani yake na kuvigandisha kwa gundi. Ubavu mmoja ulikauka, ukatolewa, mwingine ukaingia, mpaka zikatimia mbavu za bawa zima.

Kila alipochanganya gundi alibandika pia vipande viwili vya mbao taka. Kesho yake alivibana kwa jiliwa na kuvipiga nyundo. Mbao ikivunjika yenyewe, gundi ni nzuri. Pakiachia pale palipobandikwa, kazi yote ya siku ile ilikuwa ya kutupa. Hapo nilielewa kwamba mwenye ramani ndiye kiwanda, ndiye mkaguzi, na ndiye atakayepanda.

Nimekulia Pangani, nikiwatazama mafundi wa majahazi wakiunda chombo bila mchoro wowote, kwa jicho, kamba na kumbukumbu. Fundi wa jahazi akiona mahali pana wasiwasi huongeza mbao, na bahari humsamehe. Fundi wa ndege hana ruhusa hiyo. Kila gramu aliyoiongeza lazima ibebwe na bawa, na ikiongezwa mkiani huvuta kitovu cha uzito nyuma hadi ndege isishikike. Ndiyo maana ndege ya mzee ilipokamilika iliwekwa juu ya mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu na moja mkiani, na hesabu ikapigwa kabla ya mtu yeyote kuwasha injini. Baadaye, kwa kuwa injini ilikuwa ya gari, sheria ilimtaka aruke saa 40 za majaribio bila abiria.

Watu wa kizazi chake walijua ramani mbovu inaweza kufanya nini. Mwaka 1934 Mfaransa Henri Mignet alitoa kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kujiundia ndege yake, ile HM.14 iliyoitwa Pou-du-Ciel. Maelfu waliingia kazini Ufaransa na Uingereza. Kisha ndege zikaanza kuinamisha pua na kwenda moja kwa moja ardhini. Ilibidi ziwekwe katika mahandaki makubwa ya upepo ndipo sababu ikajulikana. Mabawa yake mawili yalifuatana kwa karibu mno, na katika pembe fulani hewa ilipita kati yake kwa namna iliyomzuia rubani kuinua pua tena. Wajenzi wengi walikuwa wamefanya kazi nzuri kwa mikono yao. Kosa lilikuwa kwenye karatasi.

Mabadiliko ya kwanza niliyoyaona yalitoka California. Burt Rutan alirusha VariEze mwaka 1975, na mwaka uliofuata akaanza kuuza ramani zake. Mbao hazikuhitajika tena. Mjenzi alichukua bonge la povu gumu, akalikata umbo la bawa kwa waya wa umeme uliopashwa moto, akalifunika kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa epoksi. Bawa dogo liliwekwa mbele badala ya mkiani, lipoteze nguvu kabla ya bawa kubwa, ili pua ishuke yenyewe na ndege iendelee kuruka salama. Lakini kilichonigusa zaidi ni ramani zenyewe. Za Pietenpol zilidhani wewe ni fundi tayari. Za Rutan zilikuwa kitabu chenye sura na picha, kikimfundisha hatua kwa hatua mtu ambaye hajawahi kushika epoksi. Karani na mwalimu waliingia katika kazi iliyokuwa ya maseremala. Rutan aliacha kuuza ramani mwaka 1985. Mwaka uliofuata Voyager, ndege aliyoisanifu yeye, ilizunguka dunia kwa siku 9 bila kutua wala kuongezwa mafuta.

Mabadiliko ya pili yalitoka Oregon, kwa Richard VanGrunsven. Ndege yake ya alumini, RV-3, iliruka mwaka 1971. Mjenzi wa RV hununua seti, yaani sanduku la vipande vya kuunganisha, badala ya ramani tupu. Miaka ya mwanzo alipokea mabati, lakini mashimo ya ribiti aliyapima na kuyatoboa mwenyewe, baada ya kuunda fremu kubwa ya kushikilia mwili wa ndege usipinde. Kisha kompyuta zikaingia kiwandani. Mabati yakaanza kufika yametobolewa tayari, na mashimo ya kipande kimoja yakilingana na ya kingine, ndege hujinyoosha yenyewe bila fremu. Zaidi ya RV 10,000 zimekwisha kuruka.

Sitaki kuubeza ushindi huo. Ndege nyingi za ramani hazikumalizika. Nimeona mabawa yaliyoning’inia ghalani mpaka mwenyewe akafariki, kisha yakauzwa kwa bei ya kuni. Seti imewawezesha watu wenye kazi na watoto kumaliza walichokianza, na ndege zinazofanana ni rahisi kukagua, kwa sababu tatizo likigunduliwa katika moja, wamiliki wote wanajua pa kutazama.

Lakini kuna kilichohama. Sheria ya Marekani inataka mjenzi afanye zaidi ya nusu ya kazi, kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Sheria inapima kazi, haipimi uelewa. Leo mtu anaweza kupiga maelfu ya ribiti bila kuulizwa kwa nini kitovu cha shimo kikae mbali na ukingo wa bati kwa angalau mara mbili ya kipenyo cha ribiti. Kiwanda kimekwisha kuamua. Shimo likiharibika humwandikia mtengenezaji na kusubiri jibu. Mzee yule angejua kwamba shimo lililokaribia ukingo litachanika mzigo ukizidi, maana alikuwa ameyaamua mambo ya namna hiyo kwa miaka, moja baada ya jingine.

Hukumu yangu ni hii: seti imetupa ndege nyingi zaidi, na ramani ilitupa waundaji wengi zaidi. Hatulazimiki kuchagua moja na kuitupa nyingine. Ramani za Air Camper bado zinauzwa hadi leo. Wewe unayepanga kununua seti, tafuta kwanza ramani ya ubavu mmoja wa bawa. Uchague mbao zake mwenyewe, uugandishe, uukaushe, kisha uupakie mchanga kidogo kidogo mpaka uvunjike, na utazame umevunjikia wapi na kwa nini. Ukishaweza kulijibu swali hilo, fungua sanduku la seti yako uanze kazi.